Njia Aichaguayo Mpanda Baisikeli

Mji wa Mugumu ndio makao makuu ya Wilaya ya Serengeti, katika mkoa wa Mara. Asubuhi na mapema, kabla jua halijawa kali, baisikeli huingia mjini kutoka pande zote. Moja imechukua gunia la mahindi yaendayo mashineni. Ya pili imechukua madumu ya maji. Ya tatu ina kuku waliofungwa miguu, wananing'inia vichwa chini. Na ya nne imembeba mtoto aliyevaa sare ya shule, ameketi juu ya keria nyuma ya kaka yake. Mtu akisimama kando na kutazama kwa makini, ataona jambo la kushangaza. Wengi wa wapanda baisikeli hao hawaifuati barabara pana moja kwa moja. Mmoja huiacha ghafula na kuingia katika kijia chembamba nyuma ya mashamba. Mwingine huzunguka kilima ambacho barabara imekipanda. Mwingine hufika karibu na njia panda, akashuka, akaisukuma baisikeli yake mpaka ng'ambo, ndipo akapanda tena.

Mgeni huweza kucheka na kusema, "Watu hawa hawaijui njia ya karibu." Lakini sivyo. Mpanda baisikeli aijua njia ya karibu kuliko mwenye motokaa, maana ameipima kwa miguu yake mwenyewe. Akiiacha, anayo sababu. Sababu hizo ndizo zitakazoelezwa hapa, kwa kuwa ndani yake mna elimu ya ardhi, na elimu ya nguvu, na tena habari za uhai wa watu.

Njia fupi na njia ya salama

Mfano mmoja utalifanya jambo hili liwe wazi. Baba mmoja akaa kijijini, mbali na mji. Usiku mtoto wake ameshikwa na homa kali, na kutakapopambazuka hana budi kumfikisha hospitali ya Mugumu. Mvua imenyesha usiku kucha. Pikipiki ya jirani haipo. Iliyopo ni baisikeli. Mbele ya baba huyo pana njia mbili. Ya kwanza ni fupi: hupanda kilima, hushuka bondeni, huvuka kijito pasipo daraja, kisha hutokea mjini. Ya pili ni ndefu: huzunguka kilima, hupita penye nyumba za watu, huvuka kijito darajani, kisha huungana na barabara kubwa yenye magari mengi.

Je, aifuate ipi? Mtu atazamaye ramani atasema, "Ile fupi." Lakini ramani haina matope, wala haitoi jasho. Baba huyo hapimi urefu peke yake. Hupima mambo manne pamoja: mwinuko wa nchi, aina ya udongo, maji na wanyama waliomo njiani, na wingi wa magari. Heri kuyatazama mambo hayo moja moja.

Habari ya vilima

Kwa nini kilima kidogo tu humchosha mpanda baisikeli kupita kiasi? Hesabu itaonyesha. Chukua baisikeli yenye uzito wa kilo 20, na mwenyewe mwenye uzito wa kilo 60, na madumu manne ya maji, kila moja lita 20. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Basi maji hayo ni kilo 80, na jumla ya vyote ni kilo 160. Katika njia ngumu iliyo tambarare, nguvu itakiwayo kuisukuma baisikeli hiyo polepole si kubwa. Ni kama nguvu ya kuinua kilo 2 hivi. Lakini njia ikipanda mita 1 katika kila mita 20 za mwendo, hapo huongezeka nguvu ya kuinua sehemu moja ya ishirini ya mzigo wote, yaani kilo 8. Basi kazi ya miguu imekuwa kilo 10 badala ya kilo 2. Na kilima kikiwa kikali zaidi, mita 1 katika kila mita 10, nguvu itakayoongezeka ni ya kilo 16.

Mwenye motokaa hayaoni hayo. Hukanyaga kidogo, na mashine humfanyia kazi. Tena baisikeli nyingi za vijijini hazina gia za kubadili. Mzunguko mmoja wa mguu hulisukuma gurudumu kwa kadiri ile ile, kilimani na bondeni. Kwa hiyo mwenyewe hufika mahali ambapo miguu haiwezi tena, naye hushuka na kusukuma. Akishuka amepoteza faida ya kuwa na gurudumu. Amekuwa mtembea kwa miguu mwenye mzigo mzito kuliko watembeao wote.

Kushuka nako si raha tupu. Baisikeli yenye mzigo hushika mbio upesi, na breki zikiwa zimelowa maji hazishiki vema chuma cha gurudumu. Ndiyo maana mpanda baisikeli mwenye akili hukimbia mteremko mkali kama akimbiavyo mpando mkali. Wilaya ya Tarime, iliyo upande wa kaskazini, ni nchi ya milima na baridi, penye migomba na kahawa. Huko mtu huhesabu vilima kabla ya kuhesabu kilometa. Ataizunguka njia ya kilometa tatu na kuiacha ya kilometa mbili, naye atafika akiwa na nguvu za kufanya kazi iliyompeleka.

Habari ya udongo

Jambo la pili ni udongo. Katika nchi ya Serengeti iko mbuga yenye udongo mweusi wa mfinyanzi. Wakati wa kiangazi udongo huo hukauka ukawa mgumu kama tofali, tena hupasuka nyufa. Kijia kilichokanyagwa sana juu yake huwa laini na chepesi, na baisikeli hupita kwa raha. Lakini mvua ikinyesha, udongo huo hunywa maji, ukavimba, ukanata. Hushika tairi, ukapanda juu, ukajaa kati ya tairi na madigadi hata gurudumu likakataa kuzunguka. Mwenyewe hutafuta kijiti cha kukwangulia. Akienda hatua ishirini, matope yamerudi. Mwisho huichukua baisikeli begani. Hapo si mtu ampandaye baisikeli, bali baisikeli ndiyo impandayo mtu.

Udongo wa mchanga una tabia nyingine. Wakati wa kiangazi mchanga ni mlegevu, nao hulimeza gurudumu. Lakini baada ya mvua ndogo hushikana na kuwa mgumu. Kwa hiyo mtu yule yule, akitoka nyumba ile ile na kwenda soko lile lile, huwa na njia mbili kwa mwaka mmoja. Kiangazi hupita mbugani, na wakati wa masika, kuanzia mwezi wa Machi hata Mei, hupita juu kwenye mchanga na mawe. Mgeni aliyeonyeshwa njia mwezi wa Agosti asishangae akiikuta haina watu mwezi wa Aprili.

Barabara ya changarawe nayo ina mambo yake. Ikiwa imechongwa juzi, ni nzuri. Lakini magari yapitapo kwa kasi, magurudumu yake huruka na kuanguka, na kila yaangukapo husukuma changarawe kidogo, hata barabara yote ikafanya mikunjo kama mawimbi ya ziwa. Mwenye gari lenye springi hutetemeka tu. Mwenye baisikeli hutikiswa mifupa, na mayai yaliyomo ndani ya kikapu chake huvunjika. Basi hutafuta ukingo, mahali penye upana wa shubiri mbili ambapo gurudumu la gari halifiki. Huko ukingoni nako mna miiba ya migunga, na mwiba mmoja ukiingia mpira, safari imekwisha mpaka utiwe kiraka.

Habari ya maji na wanyama

Mito huamuru njia kuliko mfalme. Mto Mara hutoka katika nyanda za juu za Mau nchini Kenya, hupita penye hifadhi za wanyama, kisha hushuka mpaka Ziwa Victoria. Ndani yake mna mamba na viboko. Mtu atokaye Mugumu kwenda Tarime hana budi kuuvuka, na mtu atokaye Musoma kwenda Tarime huuvuka kwenye daraja la Kirumi. Hapo hakuna kuchagua. Njia nyingi za nchi kavu hukusanyika darajani, kama maji ya mtungi yakusanyikavyo shingoni. Magari, pikipiki, ng'ombe, watembea kwa miguu na baisikeli, wote hupita mahali pamoja. Basi daraja likijengwa jembamba, pasipo nafasi ya kando, hatari ya njia zote huwa imekusanywa hapo.

Vijito vidogo vina udanganyifu wake. Kiangazi ni mchanga mtupu. Baada ya mvua ya saa moja ni maji ya rangi ya udongo yaendayo mbio. Maji yafikayo magotini, yakienda kwa nguvu, huweza kumwangusha mtu mzima, na zaidi aliyeshika baisikeli, kwa maana magurudumu yake huyazuia maji. Wengi hujisemea, "Jana nilivuka," wasikumbuke ya kuwa kijito cha jana si kijito cha leo.

Tena wako wanyama. Upande wa Ikoma, ambako Wajerumani walijenga ngome zamani za utawala wao, nchi imepakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, iliyowekwa mwaka 1951. Hifadhi ni kama ukuta usioonekana: mtu hana ruhusa ya kukata njia ndani yake apendavyo. Lakini wanyama hawasomi mipaka. Tembo hutoka usiku wakaingia mashambani, na alfajiri huwa wangali njiani. Fisi na simba nao hutembea gizani. Kwa hiyo mpanda baisikeli wa vijiji vya huko, kama Robanda, huchagua saa kama achaguavyo njia. Mchana huweza kupita porini. Jua likikaribia kutua hufuata njia ipitayo penye nyumba, ijapokuwa ni ndefu, maana penye moshi wa jikoni pana watu wa kuitika mtu akipiga kelele.

Habari ya mji

Hata hapa zimetajwa hatari zilizokuwapo tangu kale. Mji umeleta hatari nyingine, ambazo hazikuumbwa na mvua wala milima, bali na kazi ya mikono ya watu.

Tanzania magari hushika upande wa kushoto. Kwa hiyo mpanda baisikeli akitaka kukata kushoto, kazi ni nyepesi. Hufuata ukingo tu. Lakini akitaka kukata kulia, hana budi kuondoka ukingoni, aingie katikati ya barabara huku magari yakimjia nyuma, kisha avuke mbele ya magari yajayo. Hana kioo cha kutazamia nyuma, na akigeuza kichwa, baisikeli yenye mzigo huyumba. Ndiyo sababu wengine hushuka kabla ya njia panda wakavuka kwa miguu, na wengine huzunguka mtaa mzima ili wakate kushoto tu. Lile lililomchekesha mgeni asubuhi kumbe lilikuwa busara.

Soko na kituo cha mabasi navyo huifinya njia. Bidhaa hutandikwa hata ukingo wa barabara. Pikipiki husimama zikingoja abiria. Basi hurudi nyuma. Mlango wa gari hufunguliwa ghafula. Nafasi ambayo ingekuwa ya mpanda baisikeli imejaa, naye husukumwa katikati. Mtaro usiofunikwa ukiwa upande mmoja, na lori upande wa pili, hana pa kukimbilia. Basi huacha barabara ya soko na kuingia vichochoroni, penye mashimo na maji machafu lakini pasipo malori.

Lami nayo ina faida na hasara. Kwa miaka mingi barabara ya kutoka Makutano kupita Butiama na Nata hata Mugumu imekuwa ikijengwa kwa lami kipande kwa kipande. Lami ni neema: haina vumbi, haina matope, na baisikeli huteleza juu yake kwa nguvu kidogo. Lakini njia inyooshwapo, motokaa nazo huongeza mwendo. Ni vema kila mtoto aijue kanuni hii: gari likiongeza mwendo wake mara mbili, nguvu ya kishindo chake haiwi mara mbili, bali mara nne. Gari liendalo kilometa 80 kwa saa, likigonga, hugonga kwa nguvu mara nne ya gari liendalo kilometa 40. Basi barabara ile ile iliyomrahisishia mpanda baisikeli kazi yake huweza kumwondolea uhai wake, kama haikuachiwa nafasi ya kando ya kupita. Ukingo wa lami ukiwa umemomonyoka na kuwa kama ngazi, akiisha kushuka kumpisha gari hawezi kupanda tena bila kuanguka.

Mambo yaliyotendeka katika nchi nyingine

Watu wa Mugumu si peke yao katika mambo haya. Baisikeli ilianza Ujerumani mwaka 1817, Karl von Drais alipotengeneza chombo cha magurudumu mawili kilichosukumwa kwa miguu ardhini. Mwaka 1885 Mwingereza John Kemp Starley alitoa baisikeli yenye magurudumu yaliyokaribia kuwa sawa na mnyororo nyuma, ambayo ndiyo mama wa baisikeli zote za leo. Na mwaka 1888 John Boyd Dunlop, aliyekaa Belfast, alitengeneza tairi lenye upepo. Lakini magurudumu mazuri bila njia nzuri ni kama jembe bila mpini. Huko Marekani wapanda baisikeli walianzisha chama chao mwaka 1880, nacho kilishughulika sana kuwataka wakuu wa serikali watengeneze barabara. Hivyo baadhi ya waliotangulia kudai barabara njema, kabla motokaa hazijaenea, walikuwa ni wapanda baisikeli.

Mwaka 1971 katika nchi ya Uholanzi watu zaidi ya 3,000 walikufa barabarani, na katika hao watoto walikuwa zaidi ya 400. Wazazi walihuzunika, wakakasirika, wakatoka kuandamana na watoto wao, wakisema ya kuwa mji usiompa mtoto njia ya kwenda shule si mji. Serikali na miji walisikia. Tangu wakati huo walizidi kujenga njia za baisikeli zilizotengwa na magari, na kupunguza mwendo wa magari mitaani. Leo Uholanzi ni nchi yenye baisikeli nyingi kuliko watu, na watoto wengi huenda shule peke yao kwa baisikeli.

Wako pia wataalamu waliolipima jambo hili. Mwaka 2007, katika mji wa Portland huko Marekani, wapanda baisikeli 164 walichukua chombo kidogo chenye kupokea ishara kutoka satelaiti, nacho kiliandika kila njia waliyopita. Wataalamu wakalinganisha njia hizo na njia nyingine walizoziacha. Wakaona ya kuwa watu hawakufuata njia fupi sikuzote. Walikimbia milima mikali, walikimbia barabara zenye magari mengi, hawakupenda kona nyingi, nao walikubali kuzunguka ili wapite penye njia iliyotengwa na magari. Waendao kazini walijali urefu kuliko wengine, maana saa iliwabana. Lakini hao nao walizunguka. Basi mtu wa Portland mwenye baisikeli ya gia, na mtu wa Mugumu mwenye madumu manne, wanafikiri kwa akili moja.

Hapa Tanzania, katika mji wa Dar es Salaam, mabasi ya mwendokasi yalipoanza mwaka 2016, kando ya Barabara ya Morogoro zilikuwa zimejengwa pia njia za watembea kwa miguu na wapanda baisikeli. Hilo ni jambo jema. Lakini njia ya baisikeli haitoshi kujengwa tu, sharti ilindwe. Ikijaa meza za biashara na pikipiki, mpanda baisikeli hurudi barabarani katikati ya magari, na kazi yote imekuwa bure.

Kijia ni shahidi

Yako mengi ya kujifunza katika habari hizi, lakini kubwa ni hili moja. Mpanda baisikeli huonekana kuwa ndiye achaguaye njia. Lakini kwa kweli aliyeijenga barabara amekwisha kumchagulia. Ukiuweka mtaro wazi, umemwambia, "Usipite hapa." Ukilijenga daraja bila nafasi ya kando, umemwambia, "Pita, lakini kwa hatari yako." Ukimwachia mita moja na nusu ya njia ngumu kando ya lami, umemwambia, "Karibu, nawe ni mwenye barabara."

Kwa sababu hiyo kijia chembamba kilichokanyagwa katika majani si alama ya ukaidi. Ni shahidi. Hakisemi kwa maneno, lakini chashuhudia ya kuwa hapa kilima ni kikali, pale maji hutuama, na pale mbele mtu aliumia. Fundi wa barabara mwenye hekima, kabla ya kupiga kamba zake, huvitazama vijia hivyo na kuwauliza wavipitao. Kuuliza si ujinga. Kalavati moja iliyowekwa mahali ambapo vijia vinne hukutana huweza kuwafaa watu wengi kuliko barabara pana ipitayo mahali wasipokwenda. Na shimo dogo la ukingoni lizibwe mapema, maana usipoziba ufa utajenga ukuta.

Sasa, yule baba mwenye mtoto mgonjwa, alichagua njia gani? Alipopambazuka alisikia kijito kikivuma bondeni, akajua ya kuwa njia fupi imefungwa. Alimfunga mtoto mgongoni pa mama yake kwa kitenge, mama akaketi juu ya keria, akaifuata njia ndefu penye nyumba za watu. Kilima alikizunguka, penye udongo mweusi walishuka wakatembea, darajani walivuka. Yalibaki mambo ya barabara kubwa, yaani magari. Hapo akili yake haikutosha, wala nguvu za miguu yake. Hapo uhai wa watu watatu ulikuwa mikononi mwa watu wengine: aliyeijenga barabara, kama aliacha nafasi ya kando, na aliyeshika usukani, kama alipunguza mwendo. Baba aliweza kuuchagulia mwili wake njia. Huruma ya wengine hakuweza kuichagua.

Amri ya kumpenda jirani haikomi mlangoni mwa nyumba. Humfuata mtu barabarani, na mwenye gari humkuta jirani yake mbele ya taa zake kila siku. Naye mpanda baisikeli ana wajibu wake: azitengeneze breki zake, apige kengele, ashike kushoto, anyoshe mkono kabla ya kukata, awe na taa usiku, wala asipite kijito ambacho hakuona chini yake. Akichelewa, na achelewe. Mwenda pole hajikwai, na afikaye ndiye aliyekwenda.

Maswali

1. Kwa nini mtu yule yule huweza kuwa na njia moja wakati wa kiangazi na nyingine wakati wa masika?
2. Baisikeli na mzigo wake na mwenyewe vina uzito wa kilo 120. Njia ikipanda mita 1 katika kila mita 20, ni nguvu ya kilo ngapi itakayoongezeka?
3. Kwa nini kukata kulia ni hatari kuliko kukata kushoto katika nchi ya Tanzania?
4. Gari likiongeza mwendo kutoka kilometa 30 kwa saa hata kilometa 60, kishindo chake huongezeka mara ngapi?
5. Chora ramani ya njia za kijijini kwenu zifikazo shuleni. Onyesha vilima, vijito, madaraja na mahali pa hatari. Kisha eleza ni njia ipi wapanda baisikeli huifuata, na kwa sababu gani.